Nukuu zimejaa daftari, mbona sibadiliki?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 26, nauza katika duka la dawa muhimu hapa Morogoro. Tangu nimalize chuo nimekuwa nikikusanya nukuu na misemo ya kutia moyo. Nyingine natoa kwenye status za watu, nyingine naokota mtandaoni. Daftari la kwanza limejaa, la pili liko nusu. Nikizisoma asubuhi nasisimka, ikifika saa nne nimeshasahau, na jioni nimechoka vile vile. Rafiki yangu ananiambia nianze kuandika shajara, lakini nikishika kalamu sina la kuandika. Vitabu vizima sipati muda wa kuvisoma. Je, hizi nukuu zina faida kweli au najidanganya? Na kama zina faida, nizitumieje?

JIBU: Marahaba, binti yangu.

Zina faida, na hujidanganyi. Ila nadhani naweza kukuambia kilichomo kwenye madaftari yako bila kuyafungua: sentensi, kistari, jina la mtu mkubwa, chini yake sentensi nyingine, kistari, jina jingine. Hakuna tarehe. Hakuna ukurasa wa kitabu. Hakuna neno lako hata moja. Wewe unauza dawa, utanielewa upesi. Mtu akikuletea kidonge kitupu kiganjani, kimeshatolewa kwenye pakiti, hakina jina wala tarehe ya kuisha, huwezi kumwambia ameze, hata kama kidonge chenyewe ni kizima. Utamuuliza kapewa na nani, kapewa lini, na anaumwa nini. Maswali hayo ndiyo yaliyokosekana kwenye daftari lako, na karibu yote nitakayokuandikia hapa ni namna ya kuyarudisha.

Tuchukue mfano ambao lazima umeuona nyuma ya daladala au ukutani saluni: Yeremia 29:11. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Watu hutumiana aya hii mtihani ukikaribia, kazi ikitafutwa, harusi ikipangwa. Sasa fungua sura nzima uisome tangu mwanzo. Utakuta ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia watu waliochukuliwa mateka wakapelekwa Babeli. Huku nyuma, katika sura ya 28, nabii mwingine aitwaye Hanania amekwisha kutangaza kwamba ndani ya miaka miwili mambo yatakuwa yamekwisha. Yeremia anasema hapana. Aya ya 5 inawaambia wajenge nyumba wakae humo, wapande bustani wale matunda yake. Na aya ya 10, ile iliyo jirani kabisa na hiyo inayopendwa, inasema kwanza miaka 70 itimie. Wengi waliosomewa barua ile walielewa pale pale kwamba watazikwa ugenini.

Ukishaisoma hivyo, aya inakuwa nyingine. Haimwahidi mtu kazi mwezi ujao. Inazungumza na mtu aliyekwama mahali asipopapenda, na bado ana muda mrefu wa kukaa hapo, ikimwambia apande bustani huko huko aliko. Mimi naiona hii kuwa na nguvu kuliko ile ya saluni, tena ina kitu cha kufanya kesho asubuhi. Wenzetu Waislamu nao hujiliwaza sana kwa maneno ya Sura ya 94, kwamba pamoja na uzito upo wepesi, maneno yaliyorudiwa mara mbili mfululizo, aya ya 5 na ya 6. Wachache hufika aya ya 7, ambayo inamwelekeza mtu afanye juhudi akishapata faragha. Faraja na kazi vimewekwa jirani, na sisi tunachukua faraja tu.

Hali ni hiyo hiyo kwa maneno ya viongozi. Ile kauli ya "uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo" siku hizi utaisikia kwenye vikao vya harusi na kabla ya mechi za watani wa jadi. Mwalimu Nyerere aliisema tarehe 2 Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yakiwa yameingia Kagera, na kila kipande kilikuwa na neno ambalo tumelifuta: uwezo wa kumpiga, sababu ya kumpiga, nia ya kumpiga. Alikuwa analiambia taifa kwamba linaingia vitani. Sikatazi watu kuitumia kwenye harusi. Lakini ukikumbuka siku ilipotoka utaona kwamba hakuwa anapiga kelele za kushangilia, alikuwa anahesabu. Kiongozi anayepeleka vijana vitani analazimika kujiuliza mambo matatu, na likikosekana moja anasimama. Sasa yageuze yawe maswali yako. Kuhusu hilo jambo unalotaka kufanya mwaka huu, kati ya uwezo, sababu na nia, kipi huna? Wengi hudhani wamepungukiwa nia, ndiyo maana wanatafuta nukuu za kuwasisimua. Ukiwachunguza utakuta nia ipo tele, sababu ndiyo haipo: wanakimbilia kitu kwa kuwa wenzao wamekikimbilia. Hapo hakuna nukuu itakayosaidia.

Mfano mwingine wa Mwalimu unaonyesha hatari ya kukata sentensi katikati. Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 1967, lina maneno haya: "Tumeonewa kiasi cha kutosha, tumenyonywa kiasi cha kutosha, tumepuuzwa kiasi cha kutosha." Watu hunukuu hapo wakanyamaza, na wakinyamaza hapo yanakuwa malalamiko. Lakini sentensi inayofuata inasema unyonge wetu ndio uliotufanya tuonewe, tunyonywe na kupuuzwa, na baada yake linakuja dai la mapinduzi ya kuondosha unyonge huo. Kurasa zinazoendelea zinabishana kwa kirefu na imani kwamba fedha ndizo zitakazotuletea maendeleo. Unaweza kukubaliana nayo au kuyakataa, hilo ni lako. Ninachokuambia ni kwamba mtu aliyeandika nusu kwenye daftari lake ana kitu tofauti kabisa na aliyeandika yote.

Umesema vitabu vizima hupati muda. Sawa, nami sitakulazimisha. Kwa kuanzia soma pembeni ya nukuu: aya moja kabla, aya moja baada. Kwa barua au hotuba fupi, soma yote. Kazi hiyo haizidi muda unaoutumia kupekua status. Lakini ukipata kitabu kimoja kizuri ukakaa nacho miezi mitatu, kurasa chache kila usiku, kitakupa maneno ya kukufaa kuliko kurasa elfu za misemo, kwa sababu utakuwa umeyafikia kwa miguu yako. Maktaba ya mkoa ipo mjini kwenu. Vitabu vya zamani vya Kiswahili vimejaa humo, na mara nyingi hakuna anayegombea.

Na ukisoma, usisome kama mwindaji wa nukuu. Nawaona vijana wenye kalamu za rangi, wanapiga mstari kila sentensi inayong'aa, kitabu kinageuka zulia. Waulize kinahusu nini, hawajui. Mwandishi mzuri huweka sentensi nzito mahali penye maandalizi. Uzito wake unatokana na kurasa 40 zilizotangulia. Soma kwanza. Ukiguswa na neno, weka nukta ndogo ya penseli pembeni, uendelee. Ukimaliza sura, lala. Kesho yake rudi kwenye nukta zako. Utashangaa ngapi zimekwisha nguvu usiku ule. Iliyobaki na nguvu ndiyo unayoinakili, kwa mkono, neno kwa neno, bila kusahihisha hata mkato. Kunakili kwa mkono kuna faida yake: unalazimika kwenda kwa mwendo wa mwandishi, na unaanza kuona kwa nini kaweka neno hili hapa na si pale.

Sasa shajara, ambako unasema huna la kuandika. Nikupeleke visiwa vya Lamu, pwani ya Kenya, mwaka 1858. Mwana Kupona binti Msham ni mgonjwa, maradhi yamemshika mwaka mzima. Anamwita binti yake, Mwana Hashima, ampe wasia, na wasia huo ndio utendi tunaousoma hadi leo. Katika beti za mwanzo kabisa, kwa Kiswahili cha kaskazini, anamwambia:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na karatasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia.

Njoo mbele uketi, uje na wino na karatasi. Tazama mpangilio wake. Kabla hajatoa neno hata moja la nasaha, mama ameshasema nani anaongea, anaongea na nani, na kwa nini anaongea sasa badala ya kungoja mwakani. Na huyo binti hakuambiwa asikilize tu, ameambiwa aje na vifaa vya kuandikia. Mengi yaliyomo humo kuhusu kumtii mume utabishana nayo, na ubishane. Karatasi ni mahali pazuri pa kubishana na mkubwa bila kumvunjia heshima.

Ndivyo nitakavyotaka shajara yako ianze. Usikae mbele ya ukurasa mtupu ukajilazimisha kueleza hisia zako. Fungua daftari kurasa mbili zikabiliane. Upande wa kushoto andika nukuu moja, moja tu, pamoja na habari zake: kasema nani, kumwambia nani, lini, na wewe umeikuta wapi. Kama ni kitabu, jina na ukurasa. Kama ni mtu, andika "mama mdogo, jikoni, Jumapili, tulipokuwa tunachambua mchicha". Upande wa kulia uache mweupe kwanza. Halafu jiulize: leo kumetokea nini hata neno hili likanisimamisha? Jibu la swali hilo ndilo shajara. Huna haja ya lingine. Likiwa mistari miwili, ni mistari miwili.

Nikuonyeshe ukurasa wa kubuni, uone unavyofanya kazi. Kushoto: "Mvumilivu hula mbivu. Kaniambia msimamizi wangu, nilipouliza habari ya nyongeza ya mshahara." Hebu isome tena. Methali hiyo umeisikia tangu darasa la tatu, hukuwahi kuifikiria. Lakini ukishaandika kasema nani na kwa nini, mara inafumbuka, na pengine upande wa kulia utajikuta unaandika: "Na hizo mbivu, hadi sasa, kazila nani?" Hapo umeanza kuandika, tena kwa sauti yako.

Ukurasa huo usiufunge moja kwa moja. Miezi ikipita, ukirudi ukakuta una la kuongeza, weka tarehe mpya uongeze chini. Baadhi ya nukuu zitakusanya tarehe nne au tano, nyingine zitabaki na moja. Hizo zenye tarehe nyingi ndizo zako. Hakuna mtu mwingine angeweza kukuchagulia.

Wasiwasi mmoja unaowapata watu daftari likinenepa ni kwamba hawawezi kupata walichoandika. Mwanafalsafa wa Uingereza John Locke alilishughulikia jambo hili kwa makini hadi akaandika njia yake, iliyotoka kwanza kwa Kifaransa mwaka 1686, kisha kwa Kiingereza mwaka 1706 baada ya kufa kwake. Alipanga faharasa kwa herufi ya kwanza ya neno kuu na irabu inayofuata. Wewe huhitaji ufundi huo. Acha kurasa mbili za mwisho, andika maneno kama hasira, fedha, mama, msiba, kazi, na mbele ya kila neno namba za kurasa. Basi.

Kama bado una shaka kwamba habari za pembeni zina thamani, mfikirie Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi hadi mwaka 1840 au karibu na hapo. Mashairi yake mengi yalikuwa majibu: kamjibu mtu, kaisema vita, kauchokoza mji katika siku za Wamazrui, watawala wa Mombasa, na Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar. Yangepotea. Yaliokolewa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ambaye aliyakusanya na kumsaidia mmisionari William Taylor kuyaelewa, na Taylor akaandika pembeni maelezo ya nani alikuwa anasemwa na kisa chake nini. Maelezo hayo yakiondolewa, baadhi ya beti zinabaki mafumbo yasiyofumbuka hata kwa mzaliwa wa Mombasa. Taylor huyo huyo alichapisha mwaka 1891 kitabu cha methali za Waswahili, nacho kina thamani kwa sababu ile ile: methali nyingi zimekuja na matumizi yake.

Sasa utasema, "Mwalimu, mimi niko kaunta tangu asubuhi hadi usiku, hayo maneno mazuri nitayapata wapi?" Yako mbele yako. Anza na sanduku la kanga la mama yako au bibi yako. Kila kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na jina ndilo hilo neno lililoandikwa. "Japo sipati tamaa sikati." "Sisi sote abiria dereva ni Mungu." "Hasidi hana sababu." Ukiyasoma dukani yakiwa yamekunjwa, ni maneno. Lakini kanga huwa imetoka kwa mtu. Kanga ya "Wazazi ni dhahabu" aliyoletewa mama na mwanawe wa kwanza kutoka mshahara wa kwanza, na kanga ya "Hasidi hana sababu" iliyoanikwa kwenye kamba inayoelekea dirisha la jirani, zina historia ambazo hazikuandikwa popote. Mwombe bibi afungue sanduku, umuulize moja moja: hii kakupa nani, mlikuwa mmegombana? Jioni moja ya hivyo itakupa kurasa za wiki nzima, na bibi atafurahi kuliko unavyodhani. Wazee wengi wanangoja kuulizwa.

Angalia pia jinsi wazee wanavyosema methali. Mara nyingi hawaimalizi. Anasema "haba na haba", ananyamaza, anakutazama. Nusu ya pili ni kazi yako. Methali imezoea kuwa na watu wawili, na ndiyo maana ikifika kwenye simu peke yake, imekamilika na imepambwa maua, inapooza.

Hapo kaunta nako usikilize. Watu wagonjwa na wanaouguza husema maneno makubwa bila kujua wameyasema. Ila hapa nakuonya kwa uzito wote: usiandike jina la mteja, wala ugonjwa wake, wala chochote kitakachomtambulisha. Andika neno alilosema na lilivyokugusa. Daftari huibwa, daftari husahaulika kwenye bajaji.

Kuhusu saa nne, ambapo msisimko unakuwa umekwisha. Nadhani kusoma nukuu nyingi asubuhi ndiko kunakozimaliza. Ishirini kwa mkupuo hazikai, ya pili inaisukuma ya kwanza. Chagua moja kwa wiki. Iandike kwenye kipande cha karatasi, ikae karibu na mahali unapoandikia mauzo, na uisome saa ile ile unapojua utachoka, pale mteja wa kumi anapodai chenji kwa ukali. Hapo neno linapata kazi. Kama baada ya wiki halikufanya kazi yoyote, litoe bila huruma.

Lakini si kila neno tamu ni la kila siku. "Haraka haraka haina baraka", na papo hapo "ngoja ngoja huumiza matumbo". "Mvumilivu hula mbivu", na jirani yake "chelewa chelewa utamkuta mwana si wako". Wageni huona hapa Waswahili wanajipinga. Hawajipingi, wametuachia zote mbili ili tuchague kulingana na jambo lililo mbele yetu. Nakushauri uziandike zikikabiliana, kushoto moja, kulia mwenzake, na katikati uandike ni lini ulihitaji hii na lini ile. Zoezi hili peke yake limewafundisha wanafunzi wangu kufikiri kuliko insha nyingi nilizowapa.

Na kuna wakati methali hutumika kumziba mtu mdomo. Mwanamke anapigwa nyumbani, anakwenda kwa wakubwa, anaambiwa mvumilivu hula mbivu. Methali ni nzuri, msemaji kaipeleka pasipo pake. Siku ukitumiwa neno la subira, tazama kwanza nani anayefaidika ukisubiri. Nawe pia, hiyo kauli yako kwamba jioni umechoka: ikiwa ni uchovu wa kazi, pumzika. Ikiwa ni wiki nyingi sasa, usingizi haupo, chakula hakina ladha, basi unajua kuliko mimi kwamba hapo anatakiwa daktari. Mficha maradhi kifo humuumbua. Hiyo nayo iweke ukutani.

Madaftari yako mawili ya zamani usiyatupe, na usiyanakili upya. Yapitie mara moja, polepole. Kila nukuu ambayo ukiisoma unakumbuka siku uliyoiandika na kilichokuwa kinakusumbua, ihamishie kwenye daftari jipya pamoja na kumbukumbu hiyo. Zilizobaki ziache zikae. Zilikufanya upende maneno, na hilo si dogo.

Jambo la mwisho ni majina. Kwa hakika kati ya hizo nukuu zako zipo zilizobandikwa jina lisilo lake. Maarufu kuliko zote ni ile isemayo kwamba hofu yetu kubwa si kwamba hatutoshi, bali kwamba tuna nguvu kupita kiasi. Dunia nzima inaamini Nelson Mandela aliisema siku ya kuapishwa kwake, Mei 1994. Hotuba ile ipo, soma tangu mwanzo hadi mwisho, maneno hayo hayamo. Yametoka kwenye kitabu cha mwandishi wa Marekani, Marianne Williamson, kilichotoka mwaka 1992. Neno halikuharibika kwa kuwa limetoka kwake, na kama linakusaidia liache likusaidie. Lakini maana inahama. Mtu aliyetoka gerezani baada ya miaka 27 akisema tusiogope nguvu zetu, anasema kitu kimoja. Mwandishi wa vitabu vya kiroho akisema hivyo, anasema kingine.

Wanazuoni wa hadithi za Mtume Muhammad walilijua jambo hili karne nyingi kabla ya intaneti. Hawakuridhika na matini. Walitaka isnadi, yaani nani kapokea kwa nani hadi kufika kwa msemaji, na mnyororo ukikatika walisema wazi kwamba umekatika. Wewe hutahitaji ukali huo, ila tabia hiyo inafaa kuazimwa. Nukuu yenye jina kubwa lakini haina mwaka, haina mahali, haina kitabu, itilie shaka. Ile inayoitwa "methali ya Kiafrika" iulize ni ya kabila gani na lugha gani. Bara hili lina lugha zaidi ya elfu moja, na mara nyingi aliyekitunga kibao hicho hakuwahi kuisikia hata moja. Ukitaka kuliweka neno la namna hiyo kwenye status, liweke, lakini chini yake andika "sijui limesemwa na nani". Pengine yupo miongoni mwa wanaokufuata anayejua, na atakuandikia.